Umeme ukikatika, hesabu zibaki: Mfumo upi wa mafaili unafaa kwa diski ya SSD?

WAFANYABIASHARA walioondoa diski za zamani kwenye kompyuta za maduka na ofisi zao na kuweka diski za SSD wamefurahia jambo moja, nalo ni kasi. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka sasa huwa tayari kabla mteja hajafika kaunta, na orodha ya bidhaa hufunguka papo hapo. Hata hivyo, kasi haitunzi hesabu. Kinachochangia sana kuamua kama madeni ya wateja, hesabu za stoo na kumbukumbu za manunuzi zitakuwepo baada ya umeme kukatika ghafla ni uamuzi mwingine, ambao fundi huufanya kwa dakika moja tu wakati wa kufomati diski. Uamuzi huo ni wa kuchagua mfumo wa mafaili.

Mara nyingi mwenye mali haulizwi. Diski ya nje hununuliwa ikiwa tayari imefomatiwa kwa mfumo wa exFAT, huchomekwa, na faili la hesabu za duka huwekwa humo siku hiyo hiyo. Kwa picha na video hakuna neno. Kwa vitabu vya biashara, hiyo ni hatari ambayo mwenye duka ameibeba bila kujua.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida chaguo la kuaminika si gumu: NTFS kwa kompyuta ya Windows, na ext4 kwa kompyuta ya Linux. Ipo mifumo inayoizidi hiyo miwili kwa ulinzi, lakini inadai mtu wa kuisimamia. Aidha, hakuna mfumo hata mmoja unaoweza kuchukua nafasi ya UPS na nakala ya pili ya hesabu.

KARANI WA GHALA

Diski inaweza kufananishwa na ghala, na mfumo wa mafaili ni karani wa ghala hilo. Yeye ndiye anayejua kila mzigo upo rafu gani, una ukubwa gani na rafu zipi ziko tupu. Daftari lake likichanika, mzigo utakuwa bado upo ndani, lakini hakuna atakayejua ni wa nani wala unaanzia wapi.

Faili moja la hesabu linapobadilishwa, karani huyo hufanya kazi kadhaa kwa pamoja. Huandika data yenyewe, huandika ukubwa mpya wa faili, huonyesha rafu zilizotumika na kuziondoa kwenye orodha ya rafu tupu. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo, baadhi ya maingizo yatakuwa yamefanyika na mengine bado. Kwa lugha ya wahasibu, debiti imeandikwa na krediti haijaandikwa.

Dawa yake inafahamika kwa kila aliyesoma uwekaji hesabu, nayo ni shajara. Kabla ya kugusa leja, karani huandika kwanza kwenye shajara mabadiliko anayokusudia kuyafanya. Umeme ukirudi, husoma shajara hiyo. Ingizo lililokamilika hulipeleka kwenye leja, na lililoishia njiani hulitupa. NTFS, ext4 na XFS zote zina shajara ya namna hii. FAT32 na exFAT hazina.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Katika mpangilio wake wa kawaida, shajara ya NTFS na ya ext4 hulinda daftari la ghala, yaani majina, ukubwa na mahali mafaili yalipo. Haitoi ahadi kwamba mauzo yaliyochapwa sekunde tatu kabla ya giza yatakutwa humo. Ahadi hiyo hutolewa na programu ya hesabu yenyewe, kwa kuiamuru kompyuta iandike data kwenye diski sasa hivi na kusubiri jibu kabla ya kumwambia mtumiaji kuwa kazi imehifadhiwa.

Si kila programu inayafanya hayo ipasavyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison nchini Marekani walichunguza programu 11 zinazotumika sana, zikiwemo za hifadhidata, na kukuta kasoro 60 ambazo zingeweza kuharibu au kupoteza data kompyuta ikizimika ghafla. Baadhi ya kasoro hizo zilijitokeza au kufichika kutegemea mfumo wa mafaili uliotumika. Kwa hiyo anayenunua programu ya hesabu anayo haki ya kumtaka muuzaji azime umeme mbele yake katikati ya kazi, kwa kutumia hesabu za majaribio, kisha aonyeshe kilichobaki.

Btrfs na ZFS zinafuata njia nyingine. Karani wa aina hii hafuti mstari wa zamani na kuandika juu yake. Huandika kwenye ukurasa mpya, na ukurasa huo ukishakamilika ndipo hubadilisha rejea ili ielekee huko. Umeme ukikatika, ukurasa wa zamani bado upo mzima. Pia kila fungu la data huwekewa hesabu ya uhakiki, inayofanya kazi kama urari. Data ikirudi kutoka kwenye diski ikiwa imebadilika hata kwa herufi moja, urari hukataa, na mfumo hutangaza kosa badala ya kumpa mwenye duka tarakimu ya uongo. Kukiwa na diski mbili zenye nakala sawa, mfumo hutengeneza iliyoharibika kutokana na ile nzima. Kukiwa na diski moja tu, kwa kawaida mfumo utaligundua kosa kwenye faili lakini hautakuwa na mahali pa kulichukulia lililo sahihi.

BIDHAA ZILIZOPO SOKONI

FAT32 ilikuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996, na haikubali faili linalofikia GB 4. Ndugu yake exFAT ilitolewa na Microsoft mwaka 2006 na kuondoa kikwazo hicho cha ukubwa. Sifa yao kubwa ni kwamba husomeka karibu kila mahali: Windows, Mac, Linux, kamera na hata runinga. Ni mifumo ya kusafirishia mizigo. Haifai kuwa ghala la kudumu la hesabu zinazoandikwa kila saa.

NTFS ilianza na Windows NT mwaka 1993. Ina shajara, ina mpangilio wa ruhusa unaoweza kumzuia mfanyakazi kufungua mafaili yasiyomhusu, na vifaa vya kuikagua na kuitengeneza vimo ndani ya Windows yenyewe. Duka linaloendesha programu ya hesabu ya Windows halina sababu ya kutafuta kingine.

Ext4 ilitangazwa kuwa tayari kwa matumizi katika toleo la Linux la Desemba 2008. Ni mtoto wa ext3 na mjukuu wa ext2, hivyo ukoo wake unajulikana. Inatumika kwenye kompyuta na seva nyingi mno, na fundi yeyote mwenye kuijua Linux ameshakutana nayo. Ikipata hitilafu, msaada haupo mbali.

XFS ilizaliwa katika kampuni ya Silicon Graphics mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 Red Hat iliifanya kuwa chaguo la kawaida katika toleo la 7 la mfumo wake wa biashara. Ni mahiri kwa mafaili makubwa na seva zenye kazi nyingi kwa wakati mmoja. Anayeichagua aelewe kwamba kuipanua ni rahisi, lakini kuipunguza baadaye ni kazi ngumu.

Btrfs ilianzishwa na Chris Mason akiwa Oracle mwaka 2007. Mbali na hesabu za uhakiki, inaweza kupiga picha ya hali ya diski nzima kwa sekunde chache, na mtu akifuta faili kwa bahati mbaya hulirudisha kutoka picha ya jana. Wasambazaji wa Linux hawajakubaliana juu yake. Fedora iliifanya chaguo la kawaida kwa kompyuta za mezani mwaka 2020, wakati Red Hat iliiondoa kabisa katika toleo lake la 8 la mwaka 2019. Kwa diski moja au mbili zenye nakala sawa inatumika sana. Mipangilio yake ya diski nyingi inayoitwa RAID 5 na RAID 6 ndiyo ambayo wataalamu wake wenyewe hawaishauri kwa kazi za uzalishaji.

ZFS ilitengenezwa na Sun Microsystems na kuachiwa hadharani mwaka 2005. Kwa ulinzi wa data wengi huitaja kuwa ya mbele, na ndiyo inayopendelewa kwenye seva za kutunzia mafaili. Kutokana na masharti ya leseni yake haimo ndani ya Linux yenyewe, bali huongezwa pembeni. Inamfaa mwenye seva na mtaalamu wa kuiangalia.

Ipo pia F2FS, iliyobuniwa na Samsung mwaka 2012 mahsusi kwa hifadhi za flashi, ambayo imepata soko zaidi kwenye simu. Kwa wenye kompyuta za Mac, chaguo la kawaida ni APFS, ambayo Apple ilianza kuisambaza mwaka 2017 na kuipanga kwa ajili ya SSD.

UMRI WA MFUMO NI DHAMANA

Mwekezaji mdogo huuliza kampuni imelipa gawio kwa miaka mingapi kabla ya kununua hisa. Swali kama hilo linafaa kuulizwa juu ya mfumo wa mafaili, kwa sababu kasoro zake hujulikana baada ya watu wengi kuutumia kwa muda mrefu.

Mwaka 2009, ext4 ikiwa bado changa, baadhi ya watumiaji waliwasha kompyuta baada ya kuzimika ghafla na kukuta mafaili yao yapo kwa majina lakini hayana kitu ndani. Ext4 ilikuwa ikichelewesha kuandika data ili kuongeza kasi, na programu nyingi hazikuwa zikitoa amri ya kuandika sasa. Msimamizi wake, Theodore Ts'o, aliongeza marekebisho ya kuzikinga programu hizo mwaka huo huo. Anayeitumia ext4 leo ananufaika na hasara waliyoipata wengine wakati ule.

ZFS nayo, pamoja na sifa zake zote, ilikutwa na kasoro Novemba 2023 iliyoweza kuharibu baadhi ya mafaili kimya kimya wakati wa kuyanakili, na ilibidi matoleo mapya yatolewe haraka. Hesabu za uhakiki hazikusaidia hapo, kwa kuwa kosa lilifanywa na karani mwenyewe, kisha likahakikiwa kama lilivyo.

Upo pia mfano wa mifumo iliyopoteza wenyewe. ReiserFS, iliyopata sifa nyingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliondolewa kwenye Linux mwaka 2025 baada ya kukosa watu wa kuitunza. Bcachefs iliingizwa mwaka 2024 ikiwa na matumaini makubwa, na mwaka 2025 ikatolewa baada ya mivutano juu ya namna ilivyokuwa ikiendelezwa. Mfanyabiashara aliyeweka hesabu zake huko alilazimika kutafuta njia nyingine ya kuendelea nayo au kuhama.

DISKI INAPOTOA TAARIFA YA UONGO

Karani anaweza kuwa mwaminifu na ghala likawa bovu. Mfumo wa mafaili hutegemea diski iseme kweli inapojibu kwamba imeshaandika. Ndani ya SSD mna kumbukumbu ya muda ambamo data husubiri kabla ya kufika kwenye chipu za flashi, na diski pia ina daftari lake la ndani la kujua kila fungu liko wapi. Umeme ukikatika, vyote viwili vimo hatarini.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na maabara za HP walizikatia umeme diski 15 za SSD za watengenezaji watano, zaidi ya mara 3,000 kwa jumla. Diski 13 kati ya hizo zilionyesha hitilafu. Baadhi zilipoteza maandishi zilizokiri kuyapokea, na nyingine ziliharibika kabisa. Kwa kosa la namna hiyo, shajara nzuri haiwezi kufanya mengi.

Diski zilizokusudiwa kwa seva nyingi huwa na kapasita zinazohifadhi umeme wa kutosha kumalizia kazi iliyokuwa mkononi. Bei yake ni kubwa kuliko ya diski za kawaida, na kwa duka moja njia rahisi zaidi ni UPS, ambayo humpa karani dakika za kufunga vitabu na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Agosti 25, 2023 karibu Kenya yote iliingia gizani, na Aprili 1, 2024 gridi ya taifa ya Tanzania nayo ilipata hitilafu. Katika matukio kama hayo kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika hapo hapo, faili likiwa wazi.

Baadhi ya mafundi huzima kwenye mipangilio ya kompyuta ile amri ya kuitaka diski iandike sasa, ili kompyuta ionekane nyepesi zaidi. Mwenye duka asikubali. Kasi inayopatikana hapo hulipiwa kwa usalama wa hesabu.

Pamoja na hayo, sokoni zinauzwa diski bandia zinazotangaza ukubwa zisiokuwa nao. Hupokea data, kisha huandika juu ya data ya zamani. Diski mpya ijazwe na kusomwa upya kwa programu ya majaribio, kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, kabla ya kuwekewa hesabu yoyote.

HOFU YA DISKI KUCHAKAA

Wapo wanaokataa shajara wakidai kwamba inaongeza maandishi na kuichakaza SSD mapema. Hesabu haiungi mkono hofu hiyo. Zipo diski za TB 1 ambazo watengenezaji huzidhamini hadi zimeandikwa TB 600. Duka linaloandika GB 20 kwa siku, ambacho ni kiasi kikubwa kwa hesabu na barua, litahitaji siku 30,000 kufika huko, yaani miaka zaidi ya 80. Kuondoa shajara ili kuokoa diski ni sawa na kuacha kuandika risiti ili kuokoa wino.

SSD huharibika kwa sababu nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu diski za flashi katika vituo vya Google, uliohusisha miaka 6 ya matumizi na modeli 10, ulionyesha kwamba kati ya asilimia 20 na 63 ya diski, kutegemea modeli, zilipata angalau kosa moja lisilorekebishika ndani ya miaka 4 ya mwanzo. Hata hivyo zilibadilishwa kwa uchache kuliko diski za sahani. Novemba 2019, Hewlett Packard Enterprise iliwatahadharisha wateja wake kwamba baadhi ya modeli za SSD zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3 na miezi karibu 9, kutokana na kosa la programu ya ndani ya diski. Waliokuwa na diski mbili zilizowashwa siku moja walikuwa katika hatari ya kuzipoteza zote kwa pamoja.

NAKALA NDIYO BIMA

Zamani fundi aliweza kurudisha mafaili yaliyofutwa kwenye diski ya sahani, maana data yenyewe ilibaki mpaka iandikwe juu. Kwenye SSD mambo ni tofauti. Faili likifutwa, mfumo huiarifu diski kuwa sehemu zile hazihitajiki tena, nayo huzisafisha kwa wakati wake. Huduma hiyo, iitwayo TRIM, huisaidia diski kudumisha kasi, na imekuwemo kwenye Windows tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Matokeo yake ni kwamba kilichofutwa leo huenda kesho kisipatikane kwa fundi yeyote.

Suala hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nchini Tanzania, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka huo huo nchini Kenya, zinamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa kawaida kwa miaka 5. Diski ikifa mwaka wa tatu, mkaguzi atauliza kumbukumbu na wala si aina ya diski.

Nakala moja ibaki dukani kwenye diski tofauti, na nyingine itoke nje ya jengo, iwe nyumbani au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski ya nakala isiachwe imechomekwa siku nzima, kwani hitilafu ya umeme au kirusi kitaziharibu zote mbili. Vile vile SSD isifungiwe kabatini kwa miaka bila kuwashwa. Kipimo cha viwango cha JEDEC kwa diski za kawaida iliyofikia mwisho wa ukomo wake wa kuandikwa ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme, kwenye nyuzi joto 30. Joto la stoo za Dar es Salaam au Mombasa huweza kupita hapo. Kwa nakala ya kuwekwa muda mrefu, diski ya sahani bado ina nafasi yake.

CHAGUO KWA KILA AINA YA BIASHARA

Duka lenye kompyuta moja ya Windows: NTFS, pamoja na UPS na nakala kila jioni.

Ofisi yenye kompyuta ya Linux: ext4 katika mpangilio wake wa kawaida, bila fundi kuondoa shajara.

Diski ya nje ya kuchukulia nakala kwenye Windows: ifomatiwe upya kwa NTFS. ExFAT ibaki kwa diski inayohama kati ya Windows na Mac, na iondolewe kwa utaratibu kila mara.

Kampuni yenye seva, diski mbili au zaidi na mtaalamu wake: ZFS, au Btrfs kwa nakala sawa za diski mbili, na ukaguzi wa hesabu za uhakiki kila mwezi.

Biashara yenye hifadhidata kubwa kwenye Linux: ext4 au XFS, juu ya SSD yenye kinga ya kukatika kwa umeme.

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye mali anashauriwa kuuliza mambo matatu: diski imefomatiwa kwa mfumo gani, nakala inakwenda wapi, na ni lini mara ya mwisho nakala hiyo ilifunguliwa na kusomwa. Kufunguliwa huko ndiko kunakothibitisha kwamba nakala ipo.